Sare ya Kwenda Kupimwa Mifupa

Dodoma,
22 Aprili 2024

Wifi yangu Zamzam,

Natumaini mmemaliza sikukuu salama na mvua haijawaingilia dukani. Huku ni vumbi na upepo. Nakuandikia barua, na naituma kwa basi, kwa sababu simu yako ni ya mtaa mzima. Anayechagua khanga anaisoma, anayeuliza bei anaisoma. Hili nataka ulisome wewe, ukiwa umekaa.

Unakumbuka kile nilichokuwa nakihangaikia tangu enzi za uhai wa mume wangu Awadhi, mpaka huyo kaka yako akawa ananitania kwamba nitaongea mifupa mpaka wageni wakimbie? Kimekubaliwa. Serikali imetenga fungu la utafiti wa ugonjwa wa mifupa kudhoofika, na la kuwaelimisha watu. Ni fungu dogo, wifi, na limepita kwenye mikutano mingi mpaka nimechoka kulifurahia. Lakini lipo.

Ugonjwa wenyewe hauna makelele. Mfupa unapungua ndani kimya kimya, hasa kwa sisi ambao hedhi imeshakatika, halafu siku moja mtu anajikwaa tu kidogo na nyonga imekwenda. Kila nilipopeleka andiko waliniuliza, wako wapi hao wagonjwa? Wako majumbani wanakandwa na maji ya moto, nikawajibu, na watu wakacheka.

Sasa tumepewa siku moja ya kuanzia. Jumamosi tarehe 8 Juni, gari litaleta mashine ya kupimia mifupa hapo Mchafukoge, kwenye ule ukumbi nyuma ya duka lenu. Wenzangu walitaka tufanyie hospitali. Niliwaambia mwanamke wa Kariakoo hafungi duka kwenda kupanga foleni kwa kitu kisichomuuma. Nahitaji wanawake wa umri wetu na kupanda juu, wengi. Wakija wachache, bosi wangu Eliakimu atasema ugonjwa huu haupo kwetu, na mwaka wa fedha unaisha Juni, fungu litarudi lilikotoka.

Nisaidie. Na Mama awe wa kwanza kupimwa, tafadhali. Mtu wa miaka themanini anayepanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu ananinyima usingizi.

Mabango ya kubandika nimeyaweka humo kwenye mzigo.

Wako,
Victoria

*

Mchafukoge,
3 Mei 2024

Wifi,

Barua nimeipata, na mabango nimeyapata, na kama kuna mtu hapo ofisini kwenu aliyechora lile fupa kubwa jeupe peke yake katikati ya karatasi, mwambie Ansbert anamshukuru sana. Ansbert ndiye muuza supu ya makongoro hapo kwenye kona. Nilibandika bango moja ukutani jioni, asubuhi nikalikuta kwenye banda lake, juu ya sufuria. Nikamwuliza, wewe, hilo ni la serikali. Akanijibu, "Mama, si limeandikwa imarisha mifupa yako? Serikali imenisaidia, naipinga ya nini?" Wateja wameongezeka. Wanaume wanakunywa supu wakionyeshana bango.

Kwa hiyo elimu kwa umma imeshaanza, wifi, ila inakwenda na limao na pilipili.

Mama amekataa. Anasema yeye amelima Kilwa juani tangu mtoto, amekula dagaa na miiba yake, na kama mna mashine mkawapime wanaoshinda dukani chini ya feni. Hakusema ni nani lakini alinitazama. Kisha akapanda ngazi zake, wala hakushika ukuta.

Wanawake nao wamenitia uchovu. Unajua sisi hapa, mtu wa serikali akija na karatasi tunajua ni uhakiki. Wamesema mnapima mifupa ili atakayeonekana dhaifu anyang'anywe kizimba apewe kijana. Mama Candida wa maharage, yule Mchaga mwenzio, kanieleza hajawahi kuumwa hata kidole tangu azaliwe, na huku anaongea kashika kiuno. Nilikaribia kucheka mbele yake.

Basi nimeamua kufanya kama tunavyojua sisi. Hapa mwanamke haitwi na bango. Anaitwa na mtu, mlangoni kwake, na akiitwa kwenye shughuli yenye sare hawezi kukosa, maana asipovaa wenzake wataulizana kafanya nini. Nimechagua khanga moja, ya bluu na njano, natoa kwa bei niliyonunulia. Napita mwenyewe duka kwa duka, na Magomeni kwa wale waliohamia huko. Nawaambia ni shughuli ya mifupa yetu. Kila mmoja anacheka kwanza, kisha anauliza sare iko wapi.

Lakini elewa jambo moja. Hao hawaji kwa serikali, wanakuja kwa Zamzam. Nimeuweka uso wangu hapo. Mashine isije ikachelewa hata kidogo.

Wifi yako,
Zamzam

*

Dodoma,
14 Mei 2024

Wifi yangu,

Nimeisoma ya supu nikiwa kwenye kikao na ikabidi nijifanye nimepaliwa. Ni kicheko cha kwanza wiki hii. Ya sare sikuifikiria kabisa, na mimi ndiye niliyesomea haya mambo. Asante.

Wanawake wakikuuliza dalili, waambie mambo ya kawaida: mtu kupungua urefu, gauni lake la zamani kuburuza mbele, mgongo kuanza kuinama, na zaidi ya yote, mfupa kuvunjika kwa kuanguka kidogo. Kifundo cha mkono mara nyingi ndicho hutangulia, kwa sababu mtu akiteleza huweka kiganja chini. Ikitokea hivyo asikandwe. Aende hospitali apigwe picha, kisha aulizie mifupa yake kwa ujumla. Mkono ni onyo, inayofuata huwa ni nyonga.

Kuhusu siku yetu, mambo yanakwenda. Kuna suala dogo la kibali ambalo Eliakimu analishughulikia. Wewe endelea na kazi yako nzuri.

Nimechoka, wifi. Nilidhani kukubaliwa ndio mwisho wa mbio. Sasa kila karatasi inataka karatasi nyingine.

Msalimie Mama shikamoo.

Victoria

*

Mchafukoge,
26 Mei 2024

Wifi,

Mwandiko umeharibika, usiniulize. Dukani kumejaa mzigo, naandikia magotini.

Sare zimekwisha, nimeagiza nyingine. Matilda wa vitenge anakuja na dada zake. Mama Candida anakuja, na amesema anakuja kutazama tu. Bi Scholastika, yule mwalimu mstaafu wa upande wa Posta, amenunua sare mbili, ya kuvaa na ya kuweka. Kila mtu ananiuliza saa.

Nina swali. Si langu, ni la jirani yangu wa duka la tatu, anaona haya kuuliza. Aliteleza kwenye vigae vilivyolowa, kuanguka kwa kawaida, mtu anainuka anajipangusa. Ila mkono umepinda hapo kwenye kifundo na vidole vimevimba. Bi Tatu, yule mkandaji, amemkanda kwa mafuta ya nazi, kamfunga na vijiti, na anasema utashika. Anauliza hiyo ndiyo ile ya kwenye karatasi yenu, au ni kuanguka tu. Na anauliza kama ni ile, je, mtu anaendelea na kazi yake? Maana anabeba marobota mwenyewe na hana wa kumwachia duka ila kijana wa nduguye ambaye analisubiri kwa hamu.

Nijibu, nimwambie.

Mashine inakuja, sivyo?

Zamzam

*

Mchafukoge,
30 Mei 2024

Mwanangu Victoria,

Marahaba. Naandika mwenyewe, herufi zangu ni za kisomo cha watu wazima, zivumilie.

Hakuna jirani. Aliyeanguka ni Zamzam. Ameandika ile barua kwa mkono wa kushoto, mlango kaufunga, nikamsikia anamlaani nani sijui. Usimwambie kama nimekwambia.

Mkono ni mbaya. Mimi si daktari ila nimeona mikono. Nimemwomba twende hospitali, hataki. Anaogopa kuambiwa. Anasema akionekana anaingia hospitali, kesho yake ukoo mzima utakuwa dukani kumpumzisha, na akipumzishwa amekwisha. Baba yake alipumzishwa hivyo hivyo.

Ameniambia hivi: "Mama, tarehe nane mashine inakuja hapa hapa. Nitapimwa katikati ya wenzangu, sote tumevaa sare moja, nani atajua yangu imesemaje? Victoria atanisomea sikioni." Ndilo tegemeo lake. Anahesabu siku kama mtoto anayesubiri Idi.

Sasa wewe fanya unavyoweza hiyo gari ije. Mengine Mungu anajua.

Mama yako,
Moza

*

Dodoma,
4 Juni 2024

Wifi yangu Zamzam,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Nitasema moja kwa moja kabla sijakosa nguvu tena.

Mashine haiji. Lile suala dogo la kibali halikuwa dogo. Kulitokea mlipuko wa ugonjwa mwingine mkoa mwingine kutokana na mafuriko, na fungu letu limehamishiwa huko. Siwezi hata kukasirika, kule watu wanakufa sasa, na mifupa inangoja, ndivyo walivyosema, mifupa inangoja. Nilikuwa nimeshasikia fununu siku ile ninakuandikia kwamba mambo yanakwenda. Nilifikiri nikibisha hodi ya kutosha litarudi. Nimebisha kila mlango. Jana Eliakimu kaniambia niache, nawachosha watu.

Nilipaswa kukuambia kabla hujanunua khanga ya kwanza ya nyongeza. Niliogopa. Ulisema umeuweka uso wako, na mimi nilikuwa naujua uso huo tangu siku ya kwanza nilipoletwa kwenu, ulipokuwa mtu pekee aliyesogea nikae.

Waambie wanawake wasije. Waambie ni mimi.

Na huyo jirani yako, Zamzam, tafadhali sana aende hospitali leo, si kesho. Asisubiri mashine yetu. Mkono unahitaji picha ya kawaida tu, na hiyo ipo. Mkono ukishika vibaya ni tabu kuurekebisha. Kuhusu kazi, ataendelea, ila marobota abebe mwingine. Mwambie hakuna wa kumfukuza dukani kwake. Mwambie nampenda.

Ningekupigia simu. Nimeishika mara kadhaa. Kwa maandishi angalau sitakusikia ukinyamaza.

Naituma kwa basi la usiku huu. Nitamwomba kondakta akupigie uuchukue mzigo kesho bila kukosa.

Victoria

*

Mchafukoge,
9 Juni 2024

Kwa Victoria,

Anayeandika ni Mama, mimi nasema naye anaandika. Mkono wangu wa kulia umevunjika, na najua unajua, kwa sababu nimemkamua Mama jana usiku mpaka akasema. Kwa hiyo tuachane na habari ya jirani.

Jana walikuja. Nataka ujue walivyokuja. Mabenchi yalijaa, wengine wakakaa kwenye ngazi za ukumbi, bluu na njano kutoka mlangoni mpaka barabarani, madereva wa bajaji wanapunguza mwendo wanauliza bibi harusi nani. Bi Scholastika alikuja na wanja. Ansbert alileta supu, bure. Tukakaa. Saa tatu tukasema foleni ya magari. Saa nne Matilda akaanza kunitazama. Nikakupigia, simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nilipiga mpaka nikaona aibu kuonekana napiga.

Ndipo Mama Candida akasimama, kwa ile sauti yake ya kuuzia maharage. "Zamzam, sisi tumefunga maduka Jumamosi. Mashine iko wapi?" Na mwingine nyuma yake, sitamtaja, akasema kwamba mashine haijawahi kuwepo. Akasema nimebuni serikali ili niuze khanga.

Victoria, niko Kariakoo maisha yangu yote. Nimeitwa bahili, nimeitwa mkali. Mwizi sijawahi kuitwa.

Walianza kuinuka. Wengine walikuwa wanazikunja sare pale pale waniachie. Sikujua lolote, hukunipa hata neno moja la kuwaambia. Nilichokuwa nacho ni huu mkono, nimeuficha ndani ya mtandio tangu asubuhi. Basi nikautoa. Nikafungua vijiti vya Bi Tatu mbele ya watu, naye yupo pale amekaa. Nikawaambia, huu niliuvunja kwa kuteleza kwenye vigae vyangu mwenyewe, kuanguka kwa kitoto. Nimewaficha kwa sababu ninaogopa, na nilikuwa naisubiri hiyo mashine kuliko ninyi nyote. Kama ni mwizi, basi nimejiibia mwenyewe kwanza.

Nililia, ndiyo. Mbele ya Matilda wa vitenge.

Wengine waliondoka hivyo hivyo. Ila Mama Candida akarudi kuketi na waliobaki, akasema mama yake mzazi alivunjika nyonga kule Moshi kwa kuinuka kitandani tu, walidhani ni uzee, hakutoka tena nje mpaka akafa. Akasema yeye mwenyewe kiuno kinamuuma hajui tangu lini. Mwingine naye akasema lake. Tukakaa mpaka adhana ya adhuhuri tunaelezana mifupa. Hakuna aliyepimwa, hakuna aliyeandika chochote, na supu ikaisha.

Nakuuliza swali moja tu. Kwa nini simu ilizimwa?

Zamzam

(Mwanangu, mimi Moza naongeza hapa yeye haoni. Amekasirika lakini amekula.)

*

Dodoma,
11 Juni 2024

Wifi,

Simu niliizima mimi. Niliamini umeshapata barua yangu ya tarehe nne, na kwamba umewazuia, na kwamba ukinipigia ni kwa ajili ya kuniambia nisikuite wifi tena. Nikaizima nikalala mchana kama mgonjwa. Barua yangu itakuwa bado iko kwenye ofisi ya mizigo ya basi. Mwambie mtu aichukue. Haitakupunguzia kitu, ila utajua nilijaribu, nikiwa nimechelewa.

Sina la kujitetea. Ulisimama pale bila neno la kusema kwa sababu yangu.

Kuna jambo lingine, na hili sikufichi. Leo asubuhi Eliakimu ameniletea taarifa ya kufunga shughuli, nitie sahihi. Imeandikwa kwamba zoezi la Mchafukoge halikufanyika kutokana na mwitikio mdogo wa wananchi. Nilimwambia wananchi walijaa mpaka barabarani, ni sisi ambao hatukwenda. Akaniambia kwa upole, kama mtu ambaye naye amechoka, kwamba tukiandika fedha zilihamishwa tutaonekana tunalalamika, na mwakani hatutapewa kitu. Tukiandika wanawake hawakuja, tutaomba fungu la kuwahamasisha.

Taarifa iko mezani. Sijasaini. Nisiposaini wanaweza kunihamisha kitengo, na sijui nani atabaki anazungumzia mifupa. Nikisaini, kazi itaendelea pengine, kwa uongo juu yenu. Nimekaa naitazama mchana mzima.

Wewe ungefanyaje?

Victoria

*

Mchafukoge,
13 Juni 2024

Wifi,

Mama anaandika tena. Barua yako ya tarehe nne ilikuwa kwenye ofisi ya mizigo, chini ya magunia ya karanga. Sikwenda kuichukua kwa sababu wiki ile nilikuwa natoa sare, na kwa sababu kusema kweli nilidhani ni mzigo wa mabango tena, kubeba siwezi na sikutaka mtu anione nimeshindwa. Nimeisoma jana. Nimeisoma ile sehemu ya jirani mara mbili.

Hasira bado ninayo. Nimeiweka pembeni kwa sasa, tutagombana ukiwa umekaa mbele yangu.

Umeniuliza ningefanyaje. Andika tulikuja. Andika tulikuja tumevaa sare, tukakaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na gari halikuja. Mama Candida kasema kama wanataka ushahidi yeye bado anayo khanga. Wakikuhamisha, wakuhamishe. Mimi nimeitwa mwizi hadharani na Jumatatu nilifungua duka kama kawaida. Lakini nikisikia kuna karatasi mahali inasema wanawake wa Kariakoo waliitwa wakakataa, hapo hatutakuwa na la kuongea.

Sasa habari zangu. Jumanne nilikwenda hospitali. Sikwenda peke yangu, walinisindikiza Mama Candida na Matilda na wengine, wote kwa sare, mpaka mlinzi getini akatupa pole ya msiba. Bi Tatu naye alikuja, kanibebea mkoba njia nzima. Picha ikapigwa. Daktari ni binti mdogo, mpole. Amesema mfupa umeshika, ila umeshika vibaya, na nikiuacha hivyo mkono huo hautashika kitu cha maana tena. Inabidi wauvunje upya ndipo waunganishe sawasawa. Amesema pia ameiona mifupa yenyewe kwenye picha haimfurahishi, nitaanzishiwa dawa, na kipimo kamili nikitafute. Nikamwambia nina wifi yangu anakihangaikia.

Yule kijana wa nduguye jirani, yaani wa ndugu yangu mimi, ameshakuja dukani kunipumzisha. Mama amekaa kwenye kiti changu na hajainuka tangu jana.

Operesheni ni Jumatano, baada ya sikukuu. Wamesema nitalala, sitasikia. Naogopa hivyo hivyo, Victoria. Naogopa kuliko siku ya kuzaa. Mama anataka kuja naye nimemkatalia, hawezi kuona mtoto wake anavunjwa. Wenzangu wana maduka, wameshayafunga ya kutosha kwa ajili yangu.

Omba ruhusa, na wakikunyima njoo. Nataka wakati wananisukuma kuingia mle ndani, wewe ndiye uwe umenishika huu mkono mzima.

Wifi yako,
Zamzam